Pua ya Ndege Iko Dakama

Moshi,
12 Januari 2025

Kwako Mjomba Januarius,

Mwadila. Mhola za huko Lalago? Mimi ni mzima, ila joto la hapa linanifanya nilale na dirisha wazi na mbu wanashukuru. Nimesikia mvua imewakubali mwaka huu na kwamba pamba ya upande wa kisimani imeota vizuri. Msalimie Mama, mwambie dawa ya goti ameze yote, asiwagawie majirani kama ilivyo desturi yake.

Naandika barua kwa sababu simu ya nyumbani anaipokea Mama, anaiweka spika, na nyumba nzima inasikiliza pamoja na waliokuja kununua maziwa. Hili nataka ulisikie wewe peke yako, maana ukoo mzima hakuna mwingine aliyewahi kushika usukani wa ndege.

Sehemu kubwa ya masomo ya urubani sasa tunafanyia kwenye simuleta. Ni chumba kidogo kama kontena, mbele kuna viti viwili na vyombo vyote vya ndege, na kwenye vioo kunaonekana uwanja uliotengenezwa na kompyuta. Uwanja wenyewe ni mkubwa, una njia mbili za kurukia na njia za ardhini zaidi ya thelathini, kila moja na herufi yake. Kuruka naruka. Kutua natua, hata kwenye upepo wa ubavuni. Ila ikishafika chini nikaambiwa niitembeze mpaka kwenye maegesho, au niitoe kwenye maegesho kwenda kuruka, mambo yananichanganya kidogo.

Mtihani wa kwanza wa sehemu hiyo ulifanyika Novemba, umepita. Naomba uniambie, wewe ulikuwa unajuaje uko wapi ukiwa ardhini?

Mpwa wako,
Felisita


Lalago,
2 Februari 2025

Mpwa wangu Felisita,

Mhola duhu. Barua yako niliichukua Maswa kwa wakala wa basi, ilikuwa imekaliwa na gunia la vitunguu lakini maandishi yalisomeka. Huku tunapalilia. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike. Mama yako goti limepungua, na dawa amegawa nusu kama ulivyobashiri.

Ulichouliza hakina siri. Nenda polepole. Soma vibao. Cheusi chenye herufi ya njano kinakuambia ulipo, cha njano chenye herufi nyeusi kinakuambia njia nyingine ziliko, na chekundu kinakuambia usimame. Usipojua, simama, uulize mnara wa kuongozea ndege. Hayo yamo kwenye vitabu vyenu, mimi sina la kuongeza. Nimeacha kazi ile miaka kumi na tisa iliyopita kwa ajili ya macho, na mambo yamebadilika.

Umesema mtihani umepita. Hukusema umepitaje.

Mjomba wako,
Januarius


Moshi,
16 Februari 2025

Kwako Mjomba,

Mwadila. Nimefurahi kwa ndama. Msimpe jina mpaka nije.

Umeninasa. Nilianguka Novemba na nimeanguka tena tarehe 11 mwezi huu. Utaratibu wa chuo ni mitihani mitatu. Wa tatu ni tarehe 12 Juni, na nikianguka jina langu linafutwa, hata kama naruka vizuri kuliko darasa zima. Mama hajui. Anaambia watu kanisani kwamba mwakani nitapita juu ya Lalago nimpungie mkono. Niliacha kufundisha fizikia Bariadi, shule niliyoipenda, nikawaaga wanafunzi kwa majigambo ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujifunika shuka.

Nikueleze nilivyoanguka. Nilitoka maegesho, mnara ukaniambia nifuate njia Bravo, yaani B, nigeuke kushoto kuingia Kilo, yaani K, nisimame kabla ya njia ya kurukia. Niliwajibu vizuri kabisa, kushoto, Kilo. Kisha nikageuka kulia. Nikapita kibao chekundu na ile mistari ya njano ya kusimamia, nikaingia kwenye njia ya kurukia ndege nyingine ikiwa inatua. Kwenye kompyuta ndege mbili zikigongana kioo kinakuwa cheusi tu na taa za chumbani zinawaka. Hakuna kishindo. Nilikaa na mikono kwenye usukani kama mtu aliyeganda.

Mjomba, mimi si mjinga wa kushoto na kulia. Nimefundisha watoto vekta. Lakini wakati ule nilikuwa na uhakika. Siyo kwamba nilibahatisha, nilikuwa na uhakika kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu uko wapi. Hicho ndicho kinachoniogopesha, na sijamwambia mtu mwingine.

Usinijibu tena kwa kunisomea vibao. Naomba.

Felisita


Lalago,
9 Machi 2025

Mpwa wangu,

Mwangaluka. Sote wazima. Mvua imekatika wiki mbili sasa, pamba inajikunja, watu wanatazama mawingu kuliko wanavyotazamana. Mama yako yuko salama, hajui kitu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nisamehe kwa ile ya kwanza, niliijibu kama karani.

Nina swali. Chumba hicho cha simuleta, ukikaa kwenye kiti, wewe mwenyewe, mwili wako, unatazama upande gani wa dunia? Sikuulizi kioo kinaonyesha nini. Ukibomoa ukuta wa mbele utaona nini?

Nakuuliza kwa sababu hii. Bibi yako Nyanjige, mama yetu, hakuwahi kusema kushoto wala kulia hata siku moja. Alikuwa anatuambia sogea kiya, yaani mashariki, utamwaga uji. Chungu kiko dakama, kusini mwa jiwe. Wewe alikulea miaka sita, na ulipoanza shule mwalimu alilalamika kwamba ukiulizwa kurasa unasema ya kiya na ya ng'weli, ya mashariki na ya magharibi. Tulicheka sana. Watu wa namna yetu tunabeba sukuma na dakama, kaskazini na kusini, mwilini, na mwili haudanganyiki kirahisi. Ukidanganyika, haurudi kirahisi.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilipanda lori la pamba kwenda Mwanza, nikasinzia juu ya marobota, nikaamka tumefika. Jua la kesho yake likanichomozea upande wa sukuma. Nilijua kabisa kwamba jua halichomozi sukuma, na bado nililiona pale. Dunia ilikuwa imenigeukia, na ilikaa hivyo mwezi mzima. Nikitumwa dukani napotea, na duka nalijua.

Sasa fanya kazi hii. Andika kila kosa ulilofanya ardhini tangu uanze, si ya mitihani tu, na pembeni uandike dira ya ndege ilikuwa inasoma ngapi wakati huo. Nitumie. Niambie pia anayekufundisha ni nani na alitokea wapi. Rubani wa zamani hufundisha tofauti na mtu wa mnara, nikimjua nitajua jinsi ya kukushauri.

Januarius


Moshi,
23 Machi 2025

Mjomba wangu,

Mwadila, mwadila tena. Nimesikia mvua imerudi, Mama aliniambia kwa simu na nyuma yake sauti sita zikaitikia.

Nilibomoa ukuta kwa mawazo kama ulivyosema, nikatoka nje kuhakikisha. Kontena limefungwa kwa bolti sakafuni na pua yake inatazama mlima. Mlima hapa uko sukuma. Kwa hiyo kila siku nikikaa kile kiti, mwili wangu unatazama sukuma, hata ndege ya kwenye kioo ikigeuka mara mia.

Nikaandika makosa. Ni tisa. Nilipoweka dira pembeni nikairudia orodha mara mbili. Yote tisa, dira ilisoma mia na themanini au karibu na hapo. Yote tisa, pua ya ndege ilikuwa dakama. Nikienda sukuma kwenye kioo sikosei hata mara moja. Nikienda dakama, ninakumbuka kwenye ramani kwamba Kilo iko kiya, na mwili wangu ulioketi ukitazama sukuma unasema kiya ni mkono wa kulia. Nageuka kulia. Kumbe ndege inayotazama dakama, kiya yake ni kushoto. Mjomba, nililia kwa furaha, maana nilishaanza kuamini nina ugonjwa kichwani.

Ila kujua hakujanitibu. Nikijikumbusha napatia, nikizidiwa na maneno ya mnara mwili unarudi kwake. Dawa niliyoipata ni kuigeuza ramani ya uwanja miguu juu pua inapokuwa dakama, ili kushoto ya karatasi iwe kushoto ya dirisha. Nikifanya hivyo sikosei. Mkufunzi amenikataza.

Umeniuliza ni nani. Anaitwa Flora Kasmiri, mama wa miaka arobaini na mitatu hivi, mkali, hacheki, lakini anajua kazi na hana upendeleo. Alianzia mnarani akiwa kijana. Nilipomweleza habari ya sukuma na dakama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Felisita, ramani haigeuzwi humu. Mimi nilitolewa mnarani kwa sababu ya rubani aliyeambiwa kushoto akaenda kulia, kisha akasema nilimwambia kulia. Sitamfaulisha mtu wa namna hiyo kwenye darasa langu, hata kwa hadithi nzuri."

Ndiye atakayenisimamia Juni. Sasa naomba kitu kimoja tu na ni kidogo. Wewe umeruka miaka kumi na moja. Mwandikie mistari miwili, kwamba jambo hili lipo, linawapata watu wazima wenye akili, na kwamba kugeuza ramani si udanganyifu. Mimi ananiona mwanafunzi anayejitetea. Rubani atamsikiliza.

Nasubiri kwa hamu.

Felisita


Moshi,
4 Mei 2025

Mjomba,

Mhola za huko.

Wiki sita. Nilidhani barua imepotea, nikampigia Mama. Anasema kila Jumatano unakwenda Maswa, kwamba mwisho wa Machi ulirudi na bahasha yangu, ukaisoma umesimama pale zizini, na tangu siku hiyo unakula kidogo na huongei. Aliniuliza kama nimekuudhi. Alisema hayo kwenye spika, kwa hiyo Lalago nzima inadhani nimekuudhi.

Nimekuudhi? Niliomba mistari miwili. Kama macho yako yamezidi hata kuandika huwezi, niambie, nitamwomba mtu mwingine. Kama unaona aibu kwamba nimeanguka mara mbili, niambie pia, nitaipokea. Lakini kunyamaza huku sikujui kulikotoka, na zimebaki siku thelathini na tisa. Jana nimefanya mazoezi kumi bila kugeuza ramani. Nimekosa mara tatu. Kwenye mtihani kosa moja linatosha.

Ulinifundisha kuendesha baiskeli ukikimbia nyuma umeshika kiti. Sijawahi kuwa na hasira nawe mpaka wiki hii.

Felisita


Lalago,
18 Mei 2025

Mpwa wangu Felisita,

Salamu zote zipo, nyumba ni nzima, pamba imeanza kupasuka. Nisamehe sitazirefusha.

Macho yangu hayana ubaya wowote. Hayajawahi kuwa nao.

Agosti 2006 nilipeleka abiria wanne kwenye uwanja mmoja mkubwa. Kulikuwa na wingu zito, mnara ukaniweka nizunguke juu karibu dakika arobaini. Ndani ya wingu, kulia, kushoto, kulia. Nilipotoka chini ya wingu nikaiona njia, nikatua vizuri. Nilikuwa nimetua pua ikitazama ng'weli. Vyombo vilisema hivyo, namba zilizochorwa chini zilisema hivyo. Mwili wangu ulisema natazama kiya. Dunia ilikuwa imenigeukia huko juu kama ile siku ya lori la pamba.

Maegesho nilijua yako dakama. Sauti ya mnara ikasema, toka kushoto, kisha simama. Ilikuwa sauti ya binti, imetulia, kila neno limesikika. Nikajibu "sawa" tu, kivivu, badala ya kurudia maneno kama inavyotakiwa. Nikageuka kulia. Nilikuwa na uhakika, Felisita. Ulipoandika neno hilo niliweka barua chini. Nilivuka mistari ya njano nikaingia kwenye njia ya pili ya kurukia, na ndege ya abiria kumi na tisa ilikuwa inagusa ardhi. Rubani wake aliitupa kwenye majani. Gurudumu la mbele likavunjika. Mama mmoja alivunjika nyonga. Hakufa mtu, na hilo ndilo nimekuwa nikijiambia kwa miaka yote hii.

Kinasa sauti cha mnara kilikuwa kibovu siku hiyo. Tume ya uchunguzi iliniuliza niliambiwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, yule binti wa mnara alikuwa na mwaka mmoja. Nikasema niliambiwa kulia. Wakaniamini. Alisimama pale mlangoni akanitazama, hakupiga kelele, hakulia. Jina lake Flora Kasmiri. Leseni wakaniachia, lakini kila nilipowasha injini niliisikia ile sauti, nikarudi nyumbani nikawaambia macho.

Nilipoona jina lake kwenye barua yako nilitaka kuichoma, nikaona aibu hata mbele ya ng'ombe. Uliniomba mistari miwili, na mistari hiyo kwa mtu mwingine yeyote ningeiandika siku ileile. Kwake siwezi kuandika kwamba jambo hili lipo bila kuandika nimelijuaje. Nimejaribu wiki saba. Kila niliyoiandika ilikuwa uongo wa pili.

Sasa nimeandika. Iko ndani ya bahasha hii, haijafungwa, isome. Nimemwambia alisema kushoto na nilimsikia. Nimemwambia pia habari ya ramani. Ukimpa, atajua wewe ni damu yangu na mtihani wako uko mikononi mwake. Anaweza kukuangusha, na sijui nitamlaumu kwa lipi. Usipompa, ifiche, fanya mtihani kama utakavyoweza, nami nitamtumia mwenyewe baada ya tarehe 12. Sikuchagulii. Nimekwisha kuwachagulia watu wengine vya kutosha.

La kazi ni hili, na hili ni la kweli. Kabla ya kuachia breki, weka kidole kwenye dira, itaje pua kwa Kisukuma, kwa sauti: pua iko dakama. Kichwa kinaelewa namba, lakini mwili unasikia lugha ya bibi yako.

Januarius


Moshi,
15 Juni 2025

Mjomba Januarius,

Wazima huku. Natumaini na huko.

Nilikaa na bahasha yako siku kumi na mbili. Niliiweka chini ya godoro, nikaihamishia kwenye begi, nikairudisha chini ya godoro. Kuna siku nilikuchukia. Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe umeanza kuusema: sikumpa kwa ajili ya haki. Nilitaka sana kuificha mpaka nipate cheti. Kilichonishinda ni kwamba kila akisema "kushoto, Felisita" kwenye spika za masikioni, nilikuwa naisikia ile sauti uliyoieleza, imetulia, kila neno limesikika. Sikuweza kufanya mazoezi tena. Mara kumi nikakosa sita.

Tarehe 9 asubuhi nikamkuta peke yake anafuta vioo vya simuleta. Nikampa. Alisoma amesimama, akarudia, kisha akakaa kwenye kiti cha rubani. Akaniuliza, "Ni kaka wa mama yako?" Nikasema ndiyo. "Na ulikuwa unajua?" Nikamwambia tangu mwezi uliopita. Akasema, "Toka nje." Nikatoka.

Siku mbili hakuonekana. Simuleta ilifungwa. Wenzangu wakaniuliza nimefanya nini, nami nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo.

Tarehe 12 nilipoingia nilimkuta na mtu mwingine, Kapteni Joakim, ameitwa kutoka nje ya chuo. Mwalimu Flora akamwambia mbele yangu, "Huyu mimi sifai kumpima, utampima wewe. Ramani yake ageuze apendavyo, ni ruhusa yangu, nimeiandika." Akatoka bila kunitazama.

Kapteni Joakim hakunihurumia. Alinipa ukungu. Alibadilisha njia mara mbili nikiwa natembea. Kisha likaja lile lile, njia Bravo, pua dakama, kushoto kuingia Kilo, simama kabla ya njia ya kurukia. Nilirudia maneno yote. Na mwili wangu, Mjomba, baada ya yote hayo, uliniambia kulia. Uliniambia kwa nguvu. Mkono ulishaanza kwenda. Nikakanyaga breki, ndege ikasimama katikati ya njia kama punda. Nikageuza ramani. Nikaweka kidole kwenye dira nikasema kwa sauti, pua iko dakama, kiya iko mkono huu. Kapteni akauliza, "Unasali?" Nikamjibu, "Hapana, nauliza njia." Akaandika kitu. Nikageuka kushoto. Ilikuwa kama kwenda shimoni. Kibao cha Kilo kikatokea kwenye ukungu, kisha chekundu, kisha mistari ya njano, nikasimama pua haijaigusa. Ndege iliyokuwa inatua ikapita mbele yangu salama.

Nimefaulu. Mama nimemwambia kwenye spika, umesikia vigelegele mwenyewe.

Jioni Mwalimu Flora aliniita ofisini. Alikuwa na barua yako, akanirudishia. Alisema, "Hii hakupaswa kuniandikia mimi. Mimi nilijua nilichosema tangu siku ile. Awaandikie waliosema sikusema." Nilingoja aongeze neno la msamaha nikuletee. Hakuongeza, na sikuthubutu kumwuliza. Nilipofika mlangoni akaniambia nimesimama vizuri kwenye mistari.

Barua hiyo nimeiweka humu. Nakushukuru na bado nina hasira nawe, vyote kwa pamoja. Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Felisita


Bariadi,
27 Juni 2025

Mpwa wangu Felisita,

Mhola. Nakuandikia nikiwa Bariadi, kwenye benchi la nje ya ofisi ya wakili, ndiyo maana mwandiko umelala. Hongera. Vigelegele nilivisikia, nami nilipiga chini kwa chini.

Mama yako nilimwambia Jumatatu tukiwa tunachambua pamba. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza yule binti alikuwa na miaka mingapi. Nikasema ishirini na minne. Akasema, "Mdogo kuliko Felisita." Akainuka akaingia ndani. Siku tatu alinipa chakula bila kunisemesha, na nilikula, maana nilistahili hata kunyimwa.

Leo nimeapa kiapo mbele ya wakili na kimepigwa mihuri. Karani aliyechapa alisimamisha vidole akaniuliza, "Mzee, jambo la 2006 unalileta leo la nini, nani amekudai?" Nikamwambia achape tu. Nimeandika ilivyokuwa, nilichoambiwa, nilichojibu, nilikogeuka, na nilichowaambia tume. Karatasi zenyewe ni mbili. Kabla ya kuja nilipiga simu kwenye mamlaka ya usafiri wa anga, nikapewa siku, tarehe 14 Julai, Dar es Salaam. Wamesema na yeye ataitwa, tuketi chumba kimoja.

Sijui watanifanya nini. Ninaogopa, Felisita, ninaogopa kuliko siku ile. Nimewaza mara mbili njiani kushuka kwenye basi nirudi.

Asubuhi wakati natoka mama yako alikuwa amekaa kwenye baiskeli ya kukodi mbele ya nyumba, amevaa kitenge cha kanisani na goti lake bovu, mkoba mapajani. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakuja nami Bariadi, na tarehe 14 anakuja nami Dar es Salaam. Nikamwambia dada, huhitaji kwenda kunitetea.

Akasema hajaja kunitetea. Anakuja kukaa mlangoni, ahakikishe nimeingia.

Yuko hapa pembeni yangu kwenye benchi. Anasema nikusalimie.

Mjomba wako,
Januarius